Kupiga mionzi nyama ya chupa na masala: dozi ipi inaua spora, na ipi inakuacha hatarini

Swali, kwa ufupi: msomaji wa Arusha anasindika nyama ya ng'ombe katika chupa za kioo za nusu lita. Anazijaza, anazifunga, kisha anazichemsha kwa saa tatu nzima zikiwa zimezama kwenye sufuria ya kawaida. Pembeni anasaga masala ya pilau, na mzigo wake wa mwisho umerudishwa na mnunuzi wa Ulaya kwa sababu ya wingi wa bakteria. Amesikia kuna mitambo ya mionzi inayoua vijidudu bila moto. Je, apeleke chupa zipigwe mionzi, aachane na wazo la kununua mtungi wa presha? Na masala, yataokoka?

Masala, ndiyo, kwa masharti nitakayoyaeleza. Nyama ya chupa, hapana.

Kabla ya hayo, kuna jambo la haraka. Chupa za nyama zilizoko rafuni sasa hivi, zilizochemshwa bila presha, usiuze hata moja, na usizionje ili kujua kama zimeharibika. Arusha iko juu kiasi cha mita 1,400, hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa joto hilo spora za Clostridium botulinum hazifi kwa saa tatu, wala kwa saa sita. Nyama haina ukali wa ndimu wa kuzizuia, na chupa iliyofungwa haina hewa, jambo ambalo kijidudu huyu analipenda. Akiamka humo anatengeneza sumu inayopooza misuli: macho yanaona mawili mawili, kope zinaanguka, kumeza kunashindikana, mwisho kupumua. Chupa inaweza kuonekana safi, kifuniko hakijavimba, harufu ya kawaida kabisa. Zifungie kwenye mfuko mzito bila kuzifungua, uzitupe mahali ambapo watu na mifugo hawatafika.

Sasa mionzi.

Spora si mbegu, ingawa watu wengi huiita hivyo. Ni bakteria aliyejikunja akajifungia ndani ya maganda kadhaa, akajikausha, akasubiri. Ukavu huo ndio unaotusumbua. Mionzi inapopita kwenye chakula kibichi, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na maji: molekuli za maji zinavunjika na kutoa vipande vikali vinavyoshambulia kila kilicho jirani, ikiwemo DNA ya kijidudu. Katikati ya spora maji ni machache, vipande hivyo navyo ni vichache. Tena DNA yake imefungwa na protini ndogo ndogo zinazoikinga, na spora inapoamka inaanza kwa kukarabati palipokatika. Ndiyo maana dozi inayofagia Salmonella wote inaipita spora kama mvua ya rasharasha juu ya bati.

Dozi hupimwa kwa grei: grei moja ni nishati ya jouli moja iliyoingia kwenye kilo moja ya chakula. Kwa chakula tunahesabu kwa maelfu, yaani kilogrei, kGy. Na kila kijidudu kina namba yake tunayoiita D, dozi inayobakiza mmoja katika kila kumi. Kwa Salmonella, E. koli na Listeria, D iko chini ya 1 kGy. Spora za Bacillus cereus, ambazo ndizo zinazojaa kwenye viungo, zinadai kama 2 hadi 3. Spora za C. botulinum aina ya A na B, ndani ya nyama iliyogandishwa, ni kama 3.5.

Fanya hesabu. Kikomo cha kawaida cha kupiga chakula mionzi, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha Codex, ni 10 kGy, isipokuwa pale panapokuwa na sababu halali ya kiufundi ya kuzidisha. Ukigawa 10 kwa 3.5 unapata kasoro kidogo ya 3. Maana yake, katika kila spora elfu moja za botulinamu, moja au zaidi inabaki hai. Na hiyo ni hesabu ya kukupendelea, kwa sababu kilogrei za mwanzo huwa hazifanyi kazi kwa kasi hiyo; mchoro wa vifo vya spora una bega, unaanza taratibu ndipo unashuka.

Utasema elfu moja kubaki moja si mbaya. Kwa chakula cha kukaa rafuni miezi kumi na minane, ni mbaya sana. Viwanda vya makopo vinafuata kanuni ya D kumi na mbili: mchakato uwe na nguvu ya kupunguza spora hizo mara kumi, kisha mara kumi tena, hivyo hivyo mara kumi na mbili. Kwa moto, hiyo ni kama dakika 2.5 kwenye nyuzi 121 katikati kabisa ya kopo, na wengi hupiga 3 kwa usalama. Kwa mionzi, 12 mara 3.5 ni 42 kGy. Ndiyo maana Marekani, inaporuhusu nyama ya wanaanga wa NASA iuawe vijidudu kwa mionzi, inadai dozi isipungue 44 kGy.

Hatari mbaya zaidi iko katikati. Chupa ya nyama iliyopigwa 5 au 10 kGy imeondolewa karibu bakteria wote wa kuozesha, wale ambao wangetoa harufu na kuvimbisha kifuniko. Spora za botulinamu zimebaki, na sasa hazina mshindani wala mtu wa kukupigia kelele. Bora hata nyama ambayo haikupigwa mionzi kabisa: ingeoza mapema, ukaitupa. Na kama sumu ilikwisha kutengenezwa kabla ya mionzi, dozi za chakula haziiharibu. Sumu hiyo inaharibiwa na moto wa kuchemsha dakika kumi. Mionzi inaipita tu.

Nyama ya kukaa rafuni kwa mionzi pekee imewahi kutengenezwa vizuri, na jinsi inavyotengenezwa inaonyesha kwa nini haikufai. Kazi kubwa ilifanywa na maabara ya jeshi la Marekani huko Natick, na Afrika Kusini nayo ililisha wanajeshi wake kwa njia hiyo hiyo. Kwanza nyama inapikwa hadi katikati ifike nyuzi 73 hadi 77. Moto huu haulengi spora. Unalenga vimeng'enya vya nyama yenyewe, yaani protini zinazoimeng'enya kutoka ndani, kwani mionzi haiviui, na visipozimwa nyama inajiyeyusha taratibu ndani ya mfuko hadi inakuwa uji mchungu. Kisha inafungwa kwa kunyonywa hewa kwenye mifuko yenye karatasi ya alumini katikati, kwa sababu oksijeni pamoja na mionzi hufanya mafuta yanuke. Halafu inagandishwa hadi kati ya nyuzi 20 na 40 chini ya sifuri, na inapigwa mionzi ikiwa bado imeganda. Kwenye barafu vile vipande vikali vya maji haviwezi kutembea, ladha inapona. Spora nazo zinapona kidogo, ndipo dozi inapandishwa hadi karibu 45 kGy. Ukikosea hatua moja kati ya hizo unapata nyama yenye harufu ya nywele zilizoungua au, kwa watu wengine, ya mbwa aliyelowa.

Ajabu ni kwamba nishati yenyewe ni ndogo. Kilogrei 45 kwenye kilo moja ya maji zingeyapandisha joto kwa nyuzi zisizofika 11. Kuyatoa kwenye joto la chumba hadi 121 kunataka karibu mara tisa ya hizo.

Chakula nacho hakigeuki kuwa na mionzi. Miale ya gama ya Kobalti-60, metali inayotumika kama chanzo cha mionzi mitamboni, ina nguvu ya MeV 1.17 na 1.33 (MeV ni kipimo cha nguvu ya mwale mmoja), haitoshi kugusa viini vya atomi za chakula, na kwa mashine za elektroni kikomo kimewekwa MeV 10 kwa sababu hiyo hiyo. Kamati ya pamoja ya FAO, IAEA na WHO, mashirika ya kimataifa ya chakula, atomiki na afya, iliridhia usalama wa vyakula hadi 10 kGy mwaka 1980, na mwaka 1997 kundi la wataalamu wa mashirika hayo likaona hata dozi za juu zaidi hazina tatizo la kiafya. Tatizo lako liko kwenye spora zinazobaki na kwenye vifungashio.

Vifungashio, kwa kweli, vingekumaliza kabla ya spora. Kioo cha kawaida kikipigwa kilogrei chache kinageuka kahawia, kama chupa ya bia. Ni rangi tu, haidhuru, lakini mteja atadhani nyama imeungua. Vifuniko vya plastiki aina ya polipropilini vikipigwa dozi kubwa vinakuwa vikavu na kupasuka kama biskuti. PVC, plastiki nyingine, inatoa harufu na kuwa ya njano. Polithini, nailoni na tabaka za alumini ndizo zinazovumilia.

Kwa hiyo nyama ya chupa ni presha. Nasema mtungi wa presha wa kusindikia, ule wenye geji au uzito wa kupimia na nafasi ya chupa kusimama juu ya wavu. Presha kuka ndogo ya maharage haifai: inapanda joto haraka na kupoa haraka, na muda ulioandikwa kwenye jedwali za usindikaji unahesabu pia joto la kupanda na la kushuka.

Pika vipande vya nyama nusu mbivu, jaza vikiwa moto pamoja na mchuzi wake, usitie unga wala wali wala chochote kizito, maana uzito huzuia joto kufika katikati. Acha nafasi ya sentimita 2.5 juu. Toa viputo vya hewa kwa kijiti, futa mafuta mdomoni mwa chupa, kwani tone la mafuta tu linatosha kuvujisha kifuniko. Mtungi ukianza kutoa mvuke, uache utoke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kuweka uzito. Hewa iliyonaswa ndani inaonyesha presha sahihi kwenye joto lisilo sahihi, na hili ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote. Arusha na Nairobi tumia uzito wa kupimia ulioandikwa 15, yaani presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba. Dar, Tanga au Mombasa, usawa wa bahari, pauni 10 zinatosha. Muda uliojaribiwa ni dakika 75 kwa chupa za mililita 470 hivi na dakika 90 kwa zile za 950 hivi. Chupa yako ya 500 imeizidi ile ndogo, basi hesabu 90. Presha ikishuka chini ya kiwango hata dakika moja, ipandishe na uanze kuhesabu upya kutoka sifuri. Moto ukizimwa, iache ipoe yenyewe. Ukimwagia maji, mchuzi utafyonzwa nje na chupa zitapasuka.

Hayo ni ya jikoni kwako. Kwa kuuza, Shirika la Viwango Tanzania litataka chakula kisajiliwe, na mchakato wa joto uthibitishwe kwa kipimajoto kilichochomekwa katikati ya chupa yako halisi, yenye mapishi yako halisi. Ukibadilisha ukubwa wa vipande, uthibitisho huo umekufa.

Achari ya maembe yenye siki ni habari nyingine. pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho hushuka kadiri ukali unavyozidi, ikiwa chini ya 4.6 botulinamu haiamki, kuchemsha kawaida kunatosha.

Sasa masala, ambako mionzi kweli ni rafiki. Ni kavu, hakuna kinachoota humo, kwa hiyo hutafuti D kumi na mbili. Unatafuta kushusha idadi hadi kikomo cha mnunuzi na kuhakikisha Salmonella hayupo. Na ukavu wa viungo unaruhusu dozi kubwa bila kuharibu ladha: kwa 10 kGy harufu ya karafuu, mdalasini na pilipili manga haibadiliki kwa namna ya kuonekana, wakati mvuke wa moto, mpinzani mkuu wa mionzi, huondoka na sehemu ya mafuta ya iliki. Gesi ya ethilini oksidi, iliyotumika zamani, Ulaya imeipiga marufuku kwenye chakula. Mtu akikushauri njia hiyo, mkatae.

Anza na namba. Omba maabara ikupe jumla ya bakteria kwa gramu, spora za B. cereus kwa gramu, Salmonella, ukungu, na aflatoksini. Hiyo ya mwisho ni ya lazima: mionzi inaua ukungu lakini sumu yake inabaki palepale. Pilipili yenye aflatoksini kupita kiasi ni ya kutupa, hata ukiipiga mionzi mara tatu.

Tuseme una spora za cereus laki moja kwa gramu, na D ni 2. Dozi ya 10 kGy ni D tano, inabaki moja kwa gramu. Vizuri. Lakini 10 hiyo ni ya wapi kwenye boksi? Miale ya gama inaingia kutoka nje, hivyo maboksi ya pembeni yanakula zaidi kuliko ya katikati ya mzigo, hata yakigeuzwa pande zote mbili. Ukiwa na mzigo ambao nje imepata 10 na katikati 5, yale ya katikati yamepata D mbili na nusu tu: kutoka laki moja zinabaki spora mia tatu na zaidi. Hapo ndipo mizigo mingi inarudishwa ikiwa na cheti safi kabisa mkononi. Usiulize mtambo "mnapiga ngapi?" Uliza dozi ya chini kabisa na ya juu kabisa, zilizopimwa kwa dosimita, vipimo vidogo vya dozi, zilizowekwa ndani ya mzigo wako. Kwa masala yaliyofungwa kwenye katoni nyepesi, chini 7 na juu 9.8 ni lengo linalowezekana. Waombe pia wenye mtambo wakuonyeshe dosimita ziliwekwa wapi. Kama zote zilibandikwa nje ya boksi, hazijakuambia kitu. Ikiwa ni mashine ya elektroni, angalia unene: elektroni za MeV 10 zinaingia sentimita chache tu kwenye kitu chenye uzito wa maji, hivyo mifuko ipangwe myembamba, ipigwe juu na chini.

Kobalti nayo inazeeka. Nusu ya nguvu yake inaisha katika miaka 5.27, yaani karibu asilimia moja kila mwezi, na mtambo makini unaongeza muda wa mzigo kukaa chumbani kadiri hiyo. Muda uliotumika mwaka jana si kipimo cha mwaka huu.

Kazi yako kabla ya mzigo kuondoka ni kuukausha na kuufunga. Spora zinatoka kwenye udongo. Binzari na pilipili zilizoanikwa kwenye jamvi chini, kuku wakipita, zinaanza safari na mamilioni. Zilizoanikwa kwenye kichanja cha wavu kilichoinuliwa usawa wa kiuno zinaanza na kidogo, na kila D unayoiepuka hapo ni kilogrei mbili usizozilipia. Kausha hadi unyevu uwe chini ya asilimia 12, ikiwezekana 10. Saga, kisha funga kwenye kifungashio cha mwisho cha polithini, ukizibe kwa moto, ndani ya katoni. Mzigo upigwe ukiwa umefungwa na usifunguliwe tena. Kupakia upya baada ya mionzi, kwenye meza ile ile ya kusagia, ni kurudisha kila kitu mwanzo.

Na hata masala yaliyopigwa vizuri yana spora chache hai. Zikiingia kwenye pilau zinavumilia kuchemka, kisha sufuria ya kilo tano za mchele inabaki vuguvugu katikati usiku kucha, zinaamka. Kiporo hicho kikipashwa asubuhi bakteria wanakufa lakini sumu ya kutapisha ya cereus haivunjwi na kupasha. Wateja wako wa mahoteli waambie wamwage wali kwenye trei pana na kuuweka kwenye friji ndani ya saa mbili.

Kuhusu ruhusa: Tanzania masuala ya mionzi yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, Kenya chini ya mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019 ya udhibiti wa nyuklia. Lakini mwenye neno la mwisho ni nchi inakokwenda bidhaa. Umoja wa Ulaya unaruhusu viungo vikavu kwa wastani wa 10 kGy, na ukipigia nje ya Umoja, mtambo lazima uwe kwenye orodha yao. Afrika Kusini na India zina mitambo ya namna hiyo. Marekani inaruhusu viungo hadi 30. Kwa hiyo pata kwanza jibu la maandishi la mnunuzi kwamba anakubali bidhaa iliyopigwa mionzi, kwani maduka mengi ya Ulaya hayaitaki kabisa, na hapo mvuke ndio njia yako.

Akikubali, iandike kwenye lebo. Usidhani haitajulikana. Chembe za vumbi na mchanga zilizong'ang'ania kwenye pilipili hunasa sehemu ya nishati ya mionzi na kuitunza kwa muda mrefu. Maabara inazitenga, inazipasha moto, nazo zinatoa mwanga. Mwanga ukionekana na lebo imenyamaza, mzigo unazuiwa hata kama hauna bakteria hata mmoja. Sheria ya Ulaya ya kutaja mionzi kwenye lebo inahusu pia kiungo kimoja tu ndani ya mchanganyiko, kwa hiyo kama bizari nyembamba au pilipili manga unainunua kwa jumla ikiwa tayari imeshasindikwa na mwingine, muulize kwa maandishi kama imepigwa mionzi, kabla hujaichanganya na ya kwako.